Samurai, Landrover 109 au Cruiser ya 3F? Ukitaka fowili ya kabureta hapa Dar soma kwanza

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananiuliza swali lile lile, na wengi ni vijana wa ofisini ambao nyumbani wana IST au Vitz, mkuu nataka gari ya kizamani ya fowili (tairi zote nne zinavuta), ya kabureta isiyo na kompyuta, fundi yeyote wa chini ya mwembe anaifungua kwa spana namba kumi na kumi na mbili maisha yanaendelea, ninunue ipi? Na majina yanayotajwa ni yale yale matatu, Suzuki Samurai, Landrover 109 ya petroli, na Land Cruiser ya injini ya 3F. Nimekaa na mbili kati ya hizo, 109 miaka minne halafu Samurai ambayo ninayo mpaka leo, na ya tatu naijua kupitia shemeji yangu ambaye kila akitoka sheli anakaa kimya mpaka afike nyumbani. Nitaziweka zote tatu hapa uone mwenyewe, ila nikuambie mapema kwamba sijakaa katikati. Mtu anayeishi Dar na ana gari moja tu mi namwambia Samurai, hizo nyingine mbili ntakwambia ni za nani.

Tuelewane kwanza tunaongelea gari zipi, maana hapa ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Samurai ninayoisema ni SJ413, injini G13A ya cc 1324, gia tano, breki za diski mbele. Ina mdogo wake SJ410 wa cc 970 na gia nne, kwa nje zinafanana kama mapacha na muuzaji hana haraka ya kukutofautishia, fungua boneti mwenyewe. 109 ni Series III, zimetengenezwa 1971 mpaka 1985, injini ya cc 2286, na hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Za kabla ya 1980 krankshafti (shafti kuu ya injini) inakaa kwenye beringi kubwa tatu, baada ya hapo wakaweka tano, ukikuta ya tano usiiache. Ukiona 109 ambayo grili imetokeza mbele imelingana na taa hiyo ni V8 ya lita 3.5, kabureta mbili, fowili muda wote, iache kama huna kisima cha petroli. Cruiser ni FJ70 na FJ75, 3F ya silinda sita, karibu lita 4, na kaka yake 2F ya lita 4.2 kwenye zile FJ40 za zamani.

Zote tatu ni fowili ya kuingiza mwenyewe na zote zina springi za pleti, kwa hio mgongo wako ujiandae. Na kwenye lami kavu usiingize fowili eti ili gari ishike barabara, mbele na nyuma zinajikaba, kitu kinachokatika ni shafti yako.

Mafuta tuyamalize haraka. Samurai yenye kabureta nzima safari ndefu inakupa kilomita kumi kwa lita, kwenye foleni nane. 109 yenye afya ni sita safari, tano mjini. 3F tano ukijitahidi, na mjini nne. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190, yani lita 19, 32 na 38, hapo hujarudi. Sasa piga hesabu ya mtu anayetoka Chanika kila asubuhi kwenda Posta na hiyo 3F, mwezi hauishi atakua anaitembeza Jumapili tu kwenda kanisani. Kuna watu watakwambia 3F ikisetiwa vizuri inakula kama Prado, waulize kama wao ndo wanaoijazia.

Sasa kitu ambacho mimi nakiweka juu ya vyote, chesi, yani fremu ya chuma iliyobeba gari nzima. Hii ni Dar, upepo wa bahari una chumvi, na gari iliyolala Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach miaka ishirini sio sawa na iliyolala Dodoma hata kama kilomita zinalingana. Injini mbovu unashusha, unatengeneza au unatafuta nyingine. Chesi iliyooza unachomelea leo, mwaka kesho unachomelea pembeni ya ulipochomelea.

Hili nililijifunza kwa hela yangu. 109 yangu niliinunua kwa mzee mmoja Tabata, rangi mpya ya kijani, viti vipya, chini imepakwa lami nyeusi inang'aa kama kiatu cha harusi. Nikasema huyu mzee anajali gari. Wiki ya tatu natoka Kisarawe na magunia ya mihogo, napita kwenye makorongo, nikasikia kitu kimelia nyuma nikadhani springi. Fundi alipoikwangua ile lami na bisibisi tukakuta chuma cha nyuma kinachoshika springi kimejazwa bodifila na kipande cha bati la kuezekea. Bati la kuezekea ndugu yangu! Kwa hio sheria yangu ni hii, gari iliyopakwa lami mpya chini siku chache kabla ya kuuzwa naiogopa kuliko gari yenye kutu inayoonekana. Beba nyundo ndogo, omba ruhusa, gonga taratibu, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi.

Pa kugonga panatofautiana. Kwenye 109 gonga boriti ya nyuma kabisa, pale springi zinapofungwa, na ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Bodi yenyewe ni aluminiamu haishiki kutu, ila pale inapogusana na chuma inaanza kuliwa na kutoa unga mweupe, na hapo ndo mlango unaanza kuning'inia. Samurai bodi ni bati la kawaida, gonga sakafu chini ya miguu ya dereva, sehemu ya nyuma juu ya tairi, na vishikio vya bodi juu ya chesi. Samurai ikioza sakafu unaikata unachomelea nyingine, kazi ya siku mbili. Cruiser chesi yake ni nene na kwa hili inawashinda wenzake wote, sijawahi kuona ya kushika kichwa, ingawa pembeni ya vioo na kwenye vizingiti vya milango inaoza kama kawaida.

Haya, kabureta yenyewe. Watu wanaiogopa bure halafu wengine wanaidharau bure. Kazi yake ni ndogo, hewa inapita kwenye koo jembamba, inakimbia, presha inashuka, petroli inafyonzwa kupitia jeti, na tundu la jeti limepimwa kwa ukubwa wa injini hiyo. Shika hapo penye kupimwa. Ugonjwa mkubwa wa gari hizi Dar ni kwamba kabureta ya asili ilishachoka, fundi akaokota ya Toyota Corolla au Hilux, akakata bati la kuunganishia, akafunga, gari ikawaka, akalipwa. Inawaka ndio! Ila jeti sio zake. Ikibugia petroli plagi zinakuwa nyeusi za masizi na mafuta yanaisha, ikinyimwa plagi zinakuwa nyeupe kama chokaa na valvu zinaungua taratibu bila wewe kujua. Ya kahawia ndo unayoitaka. Kwa hio ukienda kuangalia gari yoyote kati ya hizi tatu mwambie muuzaji unatoa plagi zote uzione, akikataa umeshapata jibu.

109 ilitoka na Zenith 36IV. Tatizo lake mafundi wa zamani wanalijua, zile sehemu mbili za juu zinapinda kwa joto, na oringi (pete ya mpira) moja ndogo ndani ikikatika petroli inapita bila kupimwa, gari inatoa moshi mweusi na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii. Kabla hujaitupa, fungua, weka kioo mezani, juu yake msasa laini, sugua ule uso taratibu kwa kuzungusha mpaka unyooke, weka oringi mpya. Yangu ilikaa miaka miwili baada ya hapo. Mbadala ni Weber 34 ICH, inafunga kirahisi, inatulia, mafuta inapunguza kidogo ila na nguvu ya juu inapungua kidogo. Samurai kabureta yake ya asili ina mipira ya vakyumu mingi kama utumbo na ikikauka mmoja tu sailensa inapanda inashuka, badilisha mipira yote kwanza kabla ya kusema kabureta mbovu, ni hela ndogo kuliko unavyofikiri. Ikishindikana kabisa kuna Weber 32/36 ambayo watu wa Samurai duniani kote wanaifunga. Ya 3F ni kubwa, ina koo mbili, ikiwa nzima ni tamu, ikiharibika fundi wa mtaani ndo anapoanza kukwambia "tuweke ya kitu kingine", usikubali, tafuta repair kit yake, vile vipuri vyake vya kuitengenezea.

Foleni sasa. Saa nane mchana, jua la Februari, umesimama Tazara dakika arobaini, gari inazima na haiwaki mpaka ipoe. Watu wanabadilisha koili, wanabadilisha pampu, kumbe petroli imechemka ndani ya paipu imekuwa mvuke na pampu haiwezi kuvuta mvuke. 109 na 3F zinasumbua hivi kuliko Samurai. Dawa ni kuhamisha paipu iwe mbali na egzosti, kuweka kibao cha fiba kati ya kabureta na manifoldi, na kuhakikisha paipu ya kurudisha mafuta kwenye tanki haijazibwa (mafundi wanapenda kuiziba sijui kwa nini). Wengine wanaweka pampu ya umeme karibu na tanki, ni sawa, lakini sikiliza vizuri hapa, kabureta inataka presha ya kama psi 3 au 4 tu. Pampu za mtumba zilizojaa mjini ni za EFI (gari za kompyuta zisizo na kabureta), zinapiga psi 40 na kuendelea, ukifunga hiyo inaishinda sindano ya boya inayozuia petroli ndani ya kabureta, petroli inamwagika juu ya egzosti ya moto. Gari inaungua. Nimeshaona moja Buguruni imebaki mabati.

Ndio maana pia nasema beba zima moto inayofanya kazi, sio ile ya kumwonyesha trafiki.

Halafu kuna ile safari ya Iringa au Lushoto, gari yako ilikuwa safi Dar ukifika juu inakuwa nzito na inanuka petroli. Haijaharibika. Kule hewa ni nyepesi na jeti zako zimepimiwa usawa wa bahari, usimruhusu fundi wa huko aanze kukaza na kulegeza maana ukishuka itakuwa umeiharibu kweli.

Spea ni kama ifuatavyo. Za 109 zipo, Uingereza bado wanazitengeneza nyingi, na kwa hapa ukizunguka Gerezani na Ilala Shauri Moyo unapata vingi, tatizo ni ubora, diski za klachi na mipira ya breki feki ni nyingi mno, lete sampuli mkononi na usinunue kwa jina. Tangu lile tamasha la Land Rover Arusha Oktoba 2024 kila mwenye 109 anaamini ana dhahabu, kwa hio jiandae kubishana bei. Samurai inabebwa na ndugu yake wa India, Maruti Gypsy, ambayo iliendelea kutengenezwa zaidi ya miaka 30 na vitu vingi vinaingiliana, na rimu zake zinaingiliana na za Vitara na Escudo za zamani, nati tano nafasi ile ile. Cruiser kila kitu kinapatikana kuanzia miguu mpaka giaboksi kwa sababu ya zile mkonga za dizeli (Cruiser zenye bomba la hewa pembeni), isipokuwa vitu vya 3F yenyewe ambavyo ni bei na ni vya kuagiza.

Na hapo ndo nafika kwenye msimamo wangu kuhusu 3F. Wengi wanainunua kwa kusema ntaitoa injini niweke 1HZ ya dizeli. Sawa, inaingia, ila utanunua injini, utabadilisha rejeta, egzosti, paipu za mafuta, utatengeneza vishikio, na kadi lazima ibadilishwe TRA maana namba ya injini na aina ya mafuta vimebadilika. Ukijumlisha yote unakuta ungenunua ya dizeli tangu mwanzo ukabaki na chenji. 3F iache kwa mtu ambaye anaitaka kwa raha, ana gari nyingine ya kila siku, na anapenda ule ulaini wa silinda sita, ambao kusema kweli hakuna gari kati ya hizi inaufikia.

109 ni ya mwenye shamba. Mkuranga, Kisarawe, Kimbiji, unabeba watu tisa na mbolea, unapita palipokatika. Kumbuka breki zake ni dramu miguu yote minne na ikipita kwenye maji usishuke mlima bila kuzikausha. Kumbuka pia valvu, hizi injini zilitengenezwa wakati petroli ina madini ya risasi, na Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Siku ukifungua silinda hedi yoyote ile wekea viti vigumu vya chuma umalize, kama hujafungua basi pima nafasi za valvu kila baada ya miezi kadhaa, zikiwa zinabana kila ukipima ujue viti vinaliwa. Na zile fimbo zake, kitufe cha njano unakisukuma chini kwa fowili ya kawaida, fimbo nyekundu unavuta nyuma kwa gia ndogo, ukikuta moja haiingii usiambiwe "hiyo huwa haitumiki".

Samurai ni nyepesi, haifiki hata tani moja na nusu ikiwa imejaa, ndo maana mchanga wa Kigamboni inaupita juu juu wakati Cruiser inachimba. Goba, Madale, Kinyerezi kwenye vilima vya udongo mvua ya masika ikipiga inapanda. Parking Kariakoo inaingia popote. Ubaya wake ni ufinyu wa nafasi, nyuma watu wazima wawili wakikaa dakika ishirini mnaanza kugombana, barabara ya lami ukizidi themanini inakelele, na upepo wa lori unaisukuma. Mama mkwe wangu alipanda mara moja akasema "baba, siku nyingine niite bajaji".

Kuboresha. Watu wakinunua tu wanakimbilia tairi kubwa, bampa la chuma na taa sita juu. Samurai ya cc 1324 ukiiwekea tairi kubwa bila kubadilisha meno ya transfa (boksi la gia ndogo) umeiua, gia ya tano inakuwa pambo. Mimi hela ya kwanza ilienda kwenye rejeta na themostati. Ndio, themostati, kile kivalvu cha kwenye maji ya kupoza injini ambacho mafundi wetu wanakitoa wakisema huku ni joto hakihitajiki. Injini isiyofika joto lake inakula mafuta na inajichakaza, na kama kabureta yako ina choki (kile kizibo cha hewa cha kuwashia injini baridi) ya kujifungua kwa joto la maji basi itabaki imefungwa nusu safari nzima. Gari ikichemsha tibu rejeta, usimlaumu themostati. Hela ya pili tanki, nilishusha nikaosha kutu, nikaweka filta mbili, kabureta ikaacha kuziba kila Jumamosi. Ya tatu moto wa plagi, zile kontakti za distribyuta kwenye 109 zinatakiwa uwazi wa milimita 0.35 mpaka 0.40, nilichoka kuzipima nikaweka moduli ya elektroniki ndani ya distribyuta ile ile, na hiyo ndo pesa niliyoifurahia kuliko zote. Baada ya hapo breki. Shokapu na tairi zikaja mwaka wa pili, na tairi ni saizi ya kiwandani yenye meno ya wastani. Wanaotaka nguvu kwenye Samurai, injini ya Vitara ya cc 1600 valvu nane inakaa kwenye giaboksi ile ile, vishikio na sampu (karai la oili) ndo vinahitaji mkono wa fundi anayejua, nimekaa nayo kwa rafiki yangu, inafanya gari iwe nyingine kabisa.

Makaratasi yanaua watu kuliko kutu. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Gari nyingi za umri huu zilitoka kwenye minada ya mashirika na miradi, zimepita mikono mitano na kadi bado ina jina la mwenye kwanza, wewe ndo utaanza kumtafuta. Angalia madeni ya faini kwenye TMS (mfumo wa faini za trafiki) na ya parking kwa namba ya gari kabla hujatoa hata elfu kumi ya kishika uchumba.

Siku ya kwenda kuiona usimwambie muuzaji saa kamili, mwambie nakuja asubuhi. Weka mkono juu ya boneti ukifika. Gari ya kabureta inasema ukweli ikiwa baridi, hapo ndo utajua choki inafanya kazi, inatoa moshi gani, na inahitaji kupigiwa gesi mara ngapi. Ukikuta boneti ya moto na mtu anakwambia "nimeizungusha tu kidogo ili ikupokee", agiza chai na vitumbua hapo hapo, kaa mpaka ipoe kabisa, ndo umwombe ufunguo.